Fundi wa jua kali na hesabu ya sanduku

Katika karakana za Kamukunji, Nairobi, mafundi wawili wanaweza kukunja bati kwa ustadi ule ule, lakini mmoja akapanua kazi yake huku mwenzake akikopa nauli ya kurudi nyumbani. Mara nyingi tofauti yao haiko kwenye nyundo bali kwenye daftari.

Anza na bei. Kabla ya kumtajia mteja bei ya sanduku la shule, andika gharama zote: tuseme bati ni shilingi 900, bawaba, komeo na ribiti 150, rangi 100, usafiri 50, na kodi ya kibanda kwa siku hiyo 100. Jumla ni shilingi 1,300, na hapo bado hujajilipa. Kosa linaloumiza wengi ni kuhesabu bati peke yake na kudhani kwamba kinachobaki ni faida, ilhali ni jasho lako unaloliuza bure. Ongeza ujira wako, kisha faida, ndipo ujue kiwango ambacho hutashuka chini yake hata mteja abembeleze vipi.

Fedha za biashara zitenge na za nyumbani. Kwa kazi ya oda, dai malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa, na utaje siku ya kukabidhi utakayoitimiza, kwa kuwa mteja aliyeambiwa "njoo kesho" mara tatu huenda kwa jirani.

Masanduku hutafutwa sana shule zinapofunguliwa Januari. Weka akiba ya bati mapema.