Kuchagua prosesa na mazabodi ya bei nafuu kwa kompyuta ya sola

Huku Rungwe mvua zikishaanza, paneli inaweza kushinda siku nzima juu ya bati bila kujaza betri. Dada mmoja mwenye stesheneri Tukuyu aliniletea kompyuta yake Mwanjelwa, Mbeya mjini: akifungua saa mbili asubuhi, ikikaribia saa nane mchana betri imekwisha. Betri ilikuwa nzima. Aliyekuwa anaimaliza ni kompyuta ya mezani ya zamani, iliyovuta wati 80 hata akichapa barua tu. Nilimjengea nyingine kwa utaratibu huu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya betri kabla ya kwenda dukani

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 600. Toa sehemu ya kumi inayopotea kwenye inveta, zinabaki 540. Kwa kompyuta ya wati 80 hizo ni saa 6 na dakika 45. Kwa ya wati 20 ni saa 27. Skrini ina hesabu yake, iongeze.

Hatua ya 2: Prosesa

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Nilichukua Intel N100 ya mwaka 2023 (usiichanganye na betri ya N100 wanayouza maduka ya spea). Ina viini vinne na imeandikwa wati 6. Namba hiyo ni ya prosesa peke yake, tena mazabodi nyingi (bodi kuu inayobeba prosesa na vipande vingine) huiachia ivuke wati hizo kwa muda kazi ikizidi. Kwa kuchapa, Excel na kujaza fomu mtandaoni inatosha kabisa. Kwa kuhariri video, hapana, tafuta nyingine.

Ukiamua mtumba, tafuta zile kompyuta ndogo za ofisini zenye prosesa inayoishia na herufi T, kama i5-8500T. Hizo ni za wati 35. Usishuke chini ya kizazi cha nane cha Intel kama unataka Windows 11, maana Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025.

Hatua ya 3: Mazabodi

Hapa ndipo wengi wanapotupa hela. N100 huja imechomelewa kwenye mazabodi, kwa hiyo unachagua vyote kwa mpigo, na swali kubwa ni umeme unaingilia wapi. ASUS Prime N100I-D D4 inataka pawa saplai ya kawaida yenye plagi ya pini 24. ASRock N100DC-ITX ina tundu la volti 19, unachomeka adapta kama ya laptop.

Nilichukua ya pili. Pawa saplai ya wati 500 ukiibebesha wati 15 hupoteza umeme mwingi kuwa joto. Ni kuwasha Fuso kubeba debe moja la viazi kutoka Uyole. Unakuwa umenunua prosesa nzuri, halafu akiba yote inaishia kwenye boksi la nyuma. Tena ukiwa na tundu la volti 19 unaweza kuiruka inveta: kigeuzi cha kupandisha volti 12 hadi 19 kinatoka betri moja kwa moja. Pima volti na uhakikishe chanya na hasi kwa mita kabla ya kuchomeka. Ukikosea hapo, umeunguza mazabodi na prosesa kwa pamoja.

Hatua ya 4: RAM na SSD

Mazabodi zote mbili zina nafasi moja tu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya aina ya DDR4. ASRock hutumia ile ndefu ya kompyuta ya mezani, ASUS ile fupi ya laptop. Nunua GB 8 au 16 mara moja, hakuna pa kuongezea. Kwa kuhifadhi mafaili weka SSD, diski isiyozunguka.

Hatua ya 5: Pima ukutani

Chomeka kipima wati. Ya yule dada ilisoma 10 ikiwa imetulia, na haikuvuka 25 nilipoifungulia kila kitu. Bamba la aluminiamu linaipoza bila feni, kwa hiyo vumbi la kiangazi halivutwi ndani. Acha tu nafasi ya hewa juu yake.

Mwisho ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta inapowaka), chagua ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Printa ya leza usiichomeke kwenye inveta ya sola: ikipasha joto huvuta mamia ya wati. Yeye sasa anachapa kwa printa ya wino wa tangi.