Kabla hujamleta mtoto wa mbwa wa shamba, piga kwanza hesabu ya miezi

Huku kwetu kusini mwa Tanzania watu wengi tunakumbuka mbwa pale mahindi yameshabeba na nguruwe pori wameshalala shambani siku mbili, ndo mtu anahangaika kutafuta mtoto wa mbwa, anampata mdogo kabisa, hata hajazoea jina lake anapelekwa shamba eti akafukuze. Mi nilifanya hivyohivyo na mbwa wangu wa kwanza. Alikuwa na miezi 5, akamfata nguruwe kichakani usiku, jino likampasua ubavu, nikamfunga kwa kanga na kumpakia kwenye pikipiki lakini hakufika kwa bwana mifugo. Mpaka leo inaniuma, kwasababu kosa halikuwa lake.

Kwahiyo anza na kalenda. Mvua zetu zinashika mwezi wa 11 au wa 12, mahindi mabichi yanaanza kuonekana mwezi wa 2 kwenda mbele, na mbwa mpaka akaribie mwaka ndo mifupa inakuwa imekomaa kuhimili mbio ndefu, hata kama kwa macho ni jibwa zima. Ukirudi nyuma utaona mwezi wa 4 au wa 5 ndo wa kumchukua, akiwa ametimiza wiki 8 kwa mama yake, sio chini ya hapo, maana anayetolewa mapema anakuwa muoga au anang'ata hovyo. Na mama yake kamwangalie mwenyewe, ikiwezekana shambani. Kama mama anakimbia mlio wa debe, usitegemee sana mtoto.

Kabla hajafika andaa banda nyuma ya nyumba, kavu, lenye kivuli, na chombo chake cha chakula kisichochanganyika na vyombo vya ndani. Majirani zetu wengi ni Waislamu, dini inaruhusu mbwa wa kulinda shamba na wa kuwinda ila mate yake ni najisi, kwahiyo ukimwacha azurure kwenye mikeka ya watu umewakosea, na mbwa anayechukiwa mtaani haishi salama. Chakula sio kazi kubwa, ugali na dagaa au vichwa vya samaki vinatosha, mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kwasababu inapasuka vipande vyenye ncha. Maji ndo uyahesabu hasa, ukiwa Newala au Tandahimba ambako maji ni ya kununua jua kabisa kwamba na mbwa ana fungu lake kila siku.

Chanjo usiseme utafanya baadae. Kichaa cha mbwa anachanjwa akiwa na miezi 3 afu kila mwaka, kadi uitunze, na akitokea mbwa yeyote kamng'ata mtu osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo. Ya parvo ulizia mapema kwa bwana mifugo, inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 na inarudiwa, huo ugonjwa wa kuharisha damu unamaliza watoto wote ndani ya siku chache. Dawa ya minyoo pia, na kupe mkague masikioni na katikati ya vidole.

Sasa mikorosho. Kuanzia mwezi wa 6 watu wanapuliza salfa, siku hiyo mbwa abaki nyumbani, vumbi lile linachoma macho. Na korosho zikianza kuanguka mfundishe neno "acha" mpaka limwingie, kwasababu mafuta ya ganda bichi yanababua, wa kwangu wa sasa alitafuna moja tu, mdomo ukavimba na malengelenge, siku mbili alikuwa anakunywa uji tu.

Kuhusu mafunzo, miezi ya mwanzo sahau habari ya nguruwe. Fundisha kuja akiitwa, basi. Tumia mluzi mmoja, usibadilishe, na kila akija mpe kipande cha dagaa, usimpige hata kama kachelewa maana atajifunza kwamba kuja ni kupigwa. Mzoeshe kuku na mbuzi wa jirani akiwa kwenye kamba. Akishaitika hata akiwa na njaa, buruta ngozi ya ndezi majanini mita 20 hivi uifiche mwisho wa njia, umwache atumie pua, kesho yake ongeza kona.

Na kazi yake iwe kufukuza kwenye mpaka wa shamba lako, usimwingize kwenye pori la hifadhi, kuwinda bila kibali ni kosa na huko ndani kuna mitego ya waya. Usiku wake wa kwanza aende na mbwa mkubwa anayejua kazi, wa kwako kamba iwe mkononi mwako, abweke tu, na mkisikia nguruwe wanakoroma karibu mrudishe dunguni, pale kwenye kichanja cha kulindia shamba.