Ukiomba masta ya mawasiliano, ambatisha kazi moja

Kwa mnaotoka ualimu au uhasibu hapa Mwanza mkitaka kuomba uzamili wa mawasiliano, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe au kwingine: chukua kanuni moja ngumu ya umma, mfano ile ya sangara wa chini ya sentimita 50 kutovuliwa, uiandike upya kwa maneno 150. Kisha msomee mama muuza samaki wa Mwaloni Kirumba. Akiuliza “maana yake nini?”, hapo ndipo pa kurekebisha. Ambatisha kanuni na toleo lako kwenye maombi, maana cheti cha fani nyingine hakionyeshi kama unaweza kueleza jambo likaeleweka. Chuo kikidai shahada ya kwanza ya fani hiyohiyo, kazi hii haitasaidia. Waulize udahili kwanza. Nyaraka za ndani za mwajiri wako usiziguse kabisa.