Anzia kiti cha mwisho: kupanga skrini na jukwaa la kongamano la kanisa Nairobi

Makongamano mengi ya kanisa hapa Nairobi hupangwa kuanzia mbele: madhabahu yapambwe vipi, kwaya isimame wapi, skrini gani inapatikana kwa bei nafuu. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwa mama aliyeketi kiti cha mwisho kabisa, aliyefunga safari alfajiri kutoka Machakos. Yeye ndiye anayeihitaji skrini kuliko wote, maana wa safu ya tatu anamwona mhubiri kwa macho yake. Ukijua kiti hicho kiko umbali gani, hesabu nyingi zilizobaki zitajitokeza zenyewe. Mfano wetu ni hema au ukumbi ambao kiti cha mwisho kiko mita 36 kutoka kwenye skrini.

Hatua ya 1: Pima, kisha chagua ukubwa

Pima kwa tepu, usikisie kwa hatua za miguu. Gawanya umbali wa kiti cha mwisho kwa 8, na jibu ndilo kimo cha skrini. Mita 36 kwa 8 ni mita 4.5. Skrini ya LED huungwa kwa paneli ndogondogo, na nyingi za kukodi ni za sentimita 50 kwa 50, kwa hiyo utahitaji safu 9 kwenda juu na 16 kwenda kando: mita 8 kwa 4.5, paneli 144, umbo lilelile la runinga la 16 kwa 9. Agiza na paneli 4 za akiba, za shehena ileile ya kiwanda. Paneli ya shehena nyingine huwa na rangi tofauti kidogo, na katikati ya skrini nyeupe huonekana kama kiraka kwenye shati.

Anayekodisha atakuuliza unataka P ngapi. Namba hiyo ni milimita kati ya kitaa kimoja na kingine. Kama kanuni ya haraka, P3.91 inataka mtazamaji wa karibu awe mita 4 au zaidi, P2.6 mita 2.6 au zaidi. Kama safu ya mbele iko mita 6 kutoka kwenye skrini, P3.91 inatosha, na fedha zinazobaki zitumie kwa taa za uso, ambazo karibu kila kanisa huzipuuza. Paneli moja ya P3.91 ina pikseli (vitone vya picha) 128 kwa 128, hivyo skrini yetu nzima ni 2,048 kwa 1,152. Andika namba hizo mbili ukutani pale mnapofanyia kazi, kwani zitarudi tena na tena.

Viti vikipita mita 36, usikuze skrini ya mbele. Weka skrini ndogo mbili katikati ya uwanja, kila upande moja, na spika za kuchelewesha, zinazotoa sauti kwa kuchelewa kidogo ili ilingane na ya mbele, zikae papo hapo.

Hatua ya 2: Skrini itazame wapi

Ndani ya ukumbi, kama Tsavo pale KICC, swali hili ni jepesi: ukuta usio na madirisha mbele yake. Uwanjani, kama Uhuru Park, ndilo swali la kwanza. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo jua la mchana huwa karibu utosini, lakini la saa kumi alasiri humulika moja kwa moja kutoka magharibi. Skrini inayotazama magharibi itapauka wakati wa mahubiri makuu. Inayotazama mashariki nayo huwalazimisha waumini kulikodolea macho jua linalozama. Basi itazame kaskazini au kusini. Kongamano la Agosti, jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo uso wa skrini uelekee kusini. La Desemba, geuza: jua liko kusini, skrini ielekee kaskazini.

Mwangaza nao una kipimo. Paneli za ndani hufika niti (kipimo cha mwangaza) 800 hadi 1,000, na mchana wa jua hazifai kitu hata ukizifungua zote. Omba za nje, niti 4,500 kwenda juu, zenye kinga ya IP65, yaani zinazozuia vumbi na maji. Mvua za vuli huanza Oktoba, na hema halizuii mvua ya upepo.

Hatua ya 3: Kuisimamisha

Jukwaa likiwa na kimo cha mita 1.2, chini ya skrini kuwe mita 1 juu ya sakafu ya jukwaa, ili wanakwaya wasizibe maneno ya wimbo. Maana yake ukingo wa juu utafika mita 6.7 kutoka ardhini. Pima kimo cha hema kabla ya kulipa amana.

Usiisimamishe skrini juu ya mbao za jukwaa. Kwaya ikianza kuruka, mbao hutikisika, skrini nayo hutikisika, na viungo vya paneli huanza kuachana. Ining'inize kwenye trasi (fremu ya vyuma) yenye miguu yake yenyewe nyuma ya jukwaa. Paneli za kilo 8 mara 144 ni kilo 1,152 kabla ya kebo na vyuma vya kuning'inizia. Tumia winchi nne za mnyororo za tani 1, si mbili, ili hakuna hata moja inayofanya kazi kwenye ukomo wake. Hesabu ya trasi aifanye mhandisi na atie sahihi. Kipande hiki si cha kuokoa pesa, kwa sababu chini yake watasimama watoto wa watu.

Uwanjani, ongeza upepo. Skrini ya mita za mraba 36 ni tanga la jahazi: upepo wa kilomita 36 kwa saa huisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200, na kasi ikiongezeka mara mbili msukumo huongezeka mara nne. Kubalianeni mapema na mchungaji ni kasi gani ya upepo itakayofanya skrini ishushwe, na nani mwenye neno la mwisho. Saa ya ibada si saa ya kubishana.

Safu ya kwanza, ile ya juu, ndiyo inayoamua zote. Iwekee pimamaji kila baada ya paneli mbili. Kosa la milimita moja hapo litakuwa ufa unaoonekana ukifika safu ya tisa.

Hatua ya 4: Stima na data zifuate njia moja

Hapa ndipo mafundi wazuri huumbuka. Paneli moja ikiwa nyeupe yote hula takriban wati 150, hivyo skrini nzima ni kilowati 21.6. Gawa kwa nguzo za wima, yaani mistari ya paneli kutoka juu hadi chini: nguzo mbili ni paneli 18, wati 2,700, zaidi kidogo ya ampea 11 kwa volti 240. Hiyo ni sakiti moja ya ampea 16 inayopumua vizuri. Utakuwa na sakiti 8. Zigawe kwenye fezi tatu: 3, 3 na 2, na ile fezi yenye nafasi ibebe prosesa (kifaa kinachogawa picha kwenye paneli) na kompyuta.

Data nayo: tundu moja la prosesa hubeba pikseli 650,000, yaani paneli 39 za aina hii. Weka 36 kwa kila tundu, nguzo nne, na matundu manne yatatosha. Kisha chukua mwisho wa kila mnyororo wa kebo za data na uurudishe kwenye tundu la akiba, kwa hiyo tafuta prosesa yenye matundu 8. Kebo ikikatika katikati, picha itaingia kutoka upande wa pili na hakuna muumini atakayejua.

Kwa nini nguzo za wima kwa vyote viwili? Ukipitisha stima kwa safu za ulalo na data kwa wima, breka moja ikiruka hukata kila mnyororo wa data mahali kadhaa, na vipande vilivyobaki katikati havifikiwi na upande wowote. Vikifuatana, breka ikiruka unapoteza nguzo mbili tu, na zilizobaki zinaendelea kuwaka.

Washa sakiti moja moja, ukisubiri sekunde chache kati yake, maana paneli hunyonya stima nyingi zikiamka. Jenereta iwe na nafasi ya kutosha: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na turbo haitoi nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibao chake. Stima ya kawaida ikikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika. Skrini ikizima sekunde hizo si msiba, ila prosesa na kompyuta zikizima utasubiri dakika kadhaa ziamke. Ziweke kwenye UPS, betri inayoshika papo hapo stima ikikatika.

Hatua ya 5: Kamera na kuchelewa kwa picha

Stima yetu ni ya mizunguko 50, kwa hiyo kamera zote ziwe fremu 50 kwa sekunde na shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ukiweka 1/60, taa za ukumbi zitapepesa kwenye picha. Skrini nayo iwekwe kwenye kasi ya kuchora picha upya (refresh rate) ya mara 3,840 kwa sekunde, la sivyo kamera itaona mistari myeusi ikipanda.

Fremu 50 zina faida ya pili. Picha hupoteza fremu moja kwenye kamera, moja kwenye swicha (mashine ya kuchagua picha ya kamera), mbili kwenye prosesa. Kwa fremu 50 hizo nne ni milisekunde 80. Kwa fremu 25 ni 160. Sauti nayo husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo humfikia mama wa kiti cha mwisho baada ya milisekunde 105 hivi. Kwa fremu 50 midomo na sauti karibu zinakutana kwake. Kwa fremu 25 mhubiri ataonekana kama filamu iliyotafsiriwa vibaya.

Kamera kuu ikae kwenye kijukwaa cha mita 1.2, lenzi ikiwa mita 2.8 kutoka ardhini, usawa wa macho ya mhubiri. Kutoka kwenye kamera hadi kwenye swicha tumia kebo ya video ya SDI, si HDMI, ambayo ikizidi mita 15 huanza kukata. Mimbari iwe mita 3 au 4 mbele ya skrini. Ikikaribia zaidi, kamera hulenga skrini pamoja na uso, na mawimbi ya michirizi huanza kucheza nyuma ya mhubiri.

Hatua ya 6: Taa za uso, ndipo mwangaza wa skrini

Watu wengi huanza na skrini kisha hushangaa kwa nini uso wa mchungaji ni mweusi tititi. Anza na uso. Weka taa mbili za mbele, kila moja kwa pembe ya digrii 45, zote kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,600, na taa mbili za nyuma kutoka juu. Za nyuma zina kazi kubwa: suti nyeusi na nywele nyeusi mbele ya usuli mweusi hupotea kabisa bila ukingo wa mwanga mabegani. Rekebisha kamera mpaka ngozi ionekane ilivyo, na rangi yake na uhai wake. Sasa teremsha skrini mpaka isiushinde uso. Ndani ya ukumbi mara nyingi utaishia asilimia 20 hadi 40.

Hatua ya 7: Maneno ya nyimbo

Kiti cha mwisho tena. Herufi kubwa iwe sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali: kwa mita 36, sentimita 30, ambazo kwenye P3.91 ni pikseli 77. Kwa fonti nyingi hiyo ni saizi ya 110 hivi, na mstari mmoja utabeba herufi kama 30. Kiswahili kina maneno marefu. “Tunakutukuza” peke yake ni herufi 12. Kwa hiyo mistari miwili kwa mara moja, na uikate pale mwimbaji anapopumua. Usiache “ya” au “wa” ining'inie mwisho wa mstari, na usikate neno katikati kwa kistari.

Tengeneza kurasa kwa 2,048 kwa 1,152 na uiambie kompyuta itoe ukubwa huohuo. Ukitoa 1,920 kwa 1,080, prosesa itaivuta picha na herufi zitapoteza makali. Anayebonyeza awe mtu anayezijua nyimbo, na ageuze ukurasa neno la mwisho linapoanza kuimbwa, si likishaisha.

Hatua ya 8: Jaribio la usiku wa kuamkia

Onyesha nyekundu tupu, kijani, buluu, kisha nyeupe dakika 30 ili breka zijaribiwe. Chomoa kebo moja ya data makusudi uone kama njia ya akiba inafanya kazi. Zima stima kuu uone UPS na jenereta. Halafu tembea mpaka kiti cha mwisho, keti, mwombe mwenzako apitishe nyimbo zote za kesho, na uzisome kwa sauti. Mahali ulipokwama, rudi ukarekebishe ukurasa huo kabla ya kulala.