Pedi ya gemu za mpira: ninavyoikagua kabla sijatoa hela

Nina banda la gemu Ngamiani, hapa Tanga. Kompyuta nne, viti vya plastiki, feni moja inayolalamika kutwa nzima. Mechi moja shilingi 500. Watoto wanacheza mpira tu; kikapu ni cha vijana wawili watatu wanaokuja jioni wakishatoka kazini. Katika biashara hii nimejifunza kwamba kompyuta ikiwa nzito mteja atavumilia, lakini pedi, yaani kile kidude chenye vitufe anachoshika mikononi kuchezea, ikikataa kutoa pasi ataiweka chini na kudai hela yake.

(Ndiyo, sisi tunaiita pedi. Dada yangu alinisikia siku moja naagiza kwenye simu "niletee pedi sita nyeusi", mpaka leo ananicheka.)

Hizo sita ndizo zilizonifundisha. Nilipanda basi la alfajiri hadi Kariakoo, nikazinunua kwa shilingi 15,000 moja, boksi zinang'aa, taa za rangi, ukibonyeza inatetemeka. Muuzaji alichomeka moja kwenye kompyuta yake, taa ikawaka, tukapeana mikono. Nimefika Tanga, naingiza kwenye gemu mpya ya mpira: ukibonyeza pasi gemu inasimama, ukibonyeza shuti inabadilisha mchezaji. Zote sita vile vile. Shilingi 90,000, na pedi zenyewe hazikuwa mbovu!

Tatizo lilikuwa hili. Windows inaelewana na pedi kwa njia mbili. Ya zamani inaitwa DirectInput. Ya pili ni XInput, ambayo Microsoft waliileta na mashine yao ya gemu, Xbox 360, mwaka 2005, na gemu nyingi za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa kuitegemea hiyo. Pedi ya DirectInput itawaka, itatetemeka, itakushawishi, halafu ndani ya gemu vitufe vinaparaganyika au mchezaji hasogei kabisa. Dawa zipo: kuna programu ya x360ce inayoigeuza pedi ionekane kama ya Xbox, na Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, nayo inaweza kuipangia vitufe. Kwa mtu mwenye kompyuta moja sebuleni hiyo si kazi kubwa. Kwangu, ambako mtoto anachomoa pedi hii na kuchomeka ile mara kumi kwa siku, ilikuwa adhabu. Zile sita nikazihamishia kwenye kompyuta kuukuu yenye gemu ya mpira ya zamani, PES 2013, kwa sababu kule unafungua faili la mipangilio na kukipangia kila kitufe kazi yake mwenyewe.

Kwa hiyo siku hizi siendi dukani bila laptopu. Iwe hata ya kuazima. Chomeka pedi, shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika joy.cpl, bonyeza Enter. Litatokea dirisha dogo lenye jina la pedi. Ukiona neno Xbox kwenye jina hilo, uko upande wa XInput. Ukiona "Generic USB Joystick" au maneno ya kufanana na hayo, usilipe bado. Pindua pedi uangalie nyuma, au uliza kama ina namna ya kubadilisha. Logitech F310, kwa mfano, ina swichi nyuma yenye X na D, unaisogeza tu. Ninazo mbili. Sura hazina na waya wake hauchomoki, ila hazijawahi kunitia aibu mbele ya wateja.

Ukiwa bado kwenye dirisha hilo, fungua sehemu ya Properties. Utaona kisanduku chenye alama ya kujumlisha ndani yake. Hapo ndipo ninapotumia muda mwingi, na wauzaji wengine hununa, waache wanune. Kwanza naiweka pedi mezani bila kuigusa: alama ikae katikati, isitetemeke. Kisha nakisukuma kijiti cha kushoto, kile cha dole gumba, hadi mwisho na kukiachia ghafla, mara kumi kila upande. Kirudi katikati kila mara, si "karibu na katikati". Mwisho nakizungusha polepole kufuata ukingo. Alama iteleze, isiruke. Nikimaliza naenda cha kulia. Angalizo moja: kwenye pedi za XInput, dirisha hili linaonyesha L2 na R2, vile vitufe viwili vinavyobanwa kwa vidole vya shahada, kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ukizibonyeza zote mbili kwa pamoja zinafutana na mstari unarudi katikati. Nilishawahi kumgombeza kijana wa watu bure kwa ajili ya hilo.

Kwa nini nakazania kijiti cha kushoto? Kwenye mpira, hicho ndicho miguu. Kinasukumwa dakika zote za mechi, na kwa hasira. Ndani ya pedi nyingi kuna njia nyembamba ya kaboni na kijichuma kinachosugua juu yake kupima umekisukuma kiasi gani. Kusugua ni kulika. Kaboni ikishalika, mchezaji anaanza kutembea mwenyewe kuelekea kwenye kibendera cha kona huku mtoto ameinua mikono juu kukuonyesha hajagusa kitu. Bandani kwangu wanasema pedi ina jini.

Zipo ambazo kijiti chake kinapimwa kwa sumaku, hakuna kinachogusana na kulika. Kwenye boksi huandikwa Hall Effect. Si jambo jipya, pedi ya Sega Dreamcast ya mwaka 1998 ilikuwa nayo. Siku hizi kampuni za 8BitDo na GameSir wanazo za aina hiyo kwa bei isiyotisha sana. Kwangu mimi za kaboni huanza jini baada ya miezi mitano hivi. Za sumaku nilizonunua mwaka jana bado zinarudi katikati, ingawa mpira wa juu ya kijiti umeshachubuka, maana sumaku haizuii vidole vya jasho. Kama unacheza nyumbani mechi mbili kwa usiku, usijiumize. Ya kaboni ya kiwanda kinachoaminika itakutosha. Kama ni biashara, au una wadogo zako watatu wanaogombania zamu, ongeza hela uchukue ya sumaku.

Wacheza kikapu wakikague cha kulia kwa ukali ule ule, kwa sababu kwenye NBA 2K kurusha mpira unaweza kutumia kijiti hicho. R2 nayo iangalie: kwenye gemu za mpira za kampuni ya EA ndiyo mbio, inashikiliwa karibu mechi nzima. Ibonyeze mara ishirini uone kama inarudi bila kusitasita. Vitufe vingine vibonyeze pembeni, si katikati tu. Raba za chini zikiwa hafifu, kitufe kinakubali katikati na kukataa ukingoni, na kwenye joto la mechi hakuna anayebonyeza katikati.

Halafu suala la majina. Watoto wetu wamezoea PlayStation, kwao X ni pasi. Kwenye pedi ya mtindo wa Xbox, mahali hapo pana A, na X iko kushoto, palipokuwa na kitufe chenye alama ya mraba. Mtoto anaambiwa na mwenzake "bonyeza X!", anabonyeza, unatoka mpira mrefu badala ya pasi. Mimi nimebandika vistika. Kama wewe umezoea vidole bila kutazama, halitakusumbua.

Waya au bila waya? Kwa banda, waya, sina mjadala. Hakuna kuchaji, hakuna kuchelewa, na unaweza kuufunga mguuni pa meza ili pedi isitembee. Bluetooth mahali penye simu ishirini sijaipenda. Zile zenye kidude chake cha kuchomeka kwenye USB ni afadhali, mpaka siku kidude kipotee. Ukinunua ya waya tafuta ambayo waya wake unachomoka, wa USB-C, kwani ndio unaokufa mapema na wa kubadilisha upo kila kona. Na kabla ya kulipa, ukunje waya pale unapoingilia kwenye pedi huku unatazama laptopu. Jina la pedi likipotea hata mara moja, irudishe kwenye boksi.

DualShock 4, yaani pedi za PlayStation 4, za bandia zimejaa sokoni. Mimi nachomeka earphone kwenye tundu la chini, halafu najaribu na kile kibao cha kugusa. Bandia nyingi zimewekewa vitu hivyo kama pambo. Bei ikiwa ya kuonewa huruma, jibu unalo.

La mwisho ninalofanya dukani ni kuomba muuzaji aandike kwenye risiti "inarudishwa ndani ya siku saba", kwa mkono wake. Akikataa, napita duka la jirani, Kariakoo haina uhaba wa maduka. Nikifika nyumbani naandika tarehe nyuma ya pedi kwa maka peni. Ndivyo nilivyoijua ile miezi mitano.