Uko na leseni ya bastola? Tafuta wakili saa hii
Kama uko Kenya na unabeba bastola kihalali, usingoje mpaka umpige jambazi risasi ndo uanze kuuliza nani anajua wakili. Tafuta wa kesi za jinai, si yule alikuandikia agrimenti ya shamba, muulize amesimamia kesi ngapi za mauaji, halafu hakikisha kwa tovuti ya Law Society of Kenya cheti chake cha uwakili cha mwaka huu kiko hai. Atashika simu saa nane usiku? Hapo ndo wengi hukwama. Bei mwandikiane kabisa. Namba yake ikariri kichwani juu polisi watachukua simu, mpe bibi pia. Ukishikwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakuruhusu kunyamaza na kuongea na wakili, na kwa kawaida ufikishwe kortini ndani ya saa 24.