SOMO: Kupika bia ya shayiri nyumbani (na kwa nini hamira ya mkate haitoshi)

Kila wiki naulizwa swali lilelile, bia ya nyumbani inapikwaje, kwa hiyo jibu naliweka hapa mara moja. Kipimo ni cha lita 10, za kunywa na jamaa. Ukitaka kuuza, tafuta leseni kwanza.

1. Osha kila chombo, kisha kiloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu. Hapa hakuna mjadala.

2. Saga kimea cha shayiri kilo 2.5. Kivunjike tu, kisiwe unga.

3. Changanya na maji moto lita 8, mchanganyiko utulie kwenye nyuzi joto 66 kwa saa moja, sufuria ikiwa imefunikwa blanketi. Chuja, suuza machicha kwa lita 7 za maji moto. Umepata togwa.

4. Chemsha saa moja. Hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu) gramu 15 ziingie mwanzoni, 15 nyingine zikibaki dakika 5. Kuchemka kwa muda mrefu ndiko kunakotoa uchungu, lakini harufu yote inapotea na mvuke. Ndiyo maana tunatia mara mbili.

5. Poza haraka, mimina kwenye ndoo yenye kifuniko na mrija wa kutolea hewa, tia nusu pakiti (ile ya gramu 11.5) ya hamira ya bia. Hamira nyingi za bia hupenda nyuzi 18 hadi 20. Ukiiacha kwenye joto la Dar, inatoa pombe kali yenye harufu ya rangi ya kupakia ukuta, na kichwa utakiona kesho. Weka ndoo kwenye beseni la maji, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Au tafuta kveik, hamira ya wakulima wa Norway, ambayo nyuzi 30 na zaidi kwake ni raha tu.

6. Iache wiki mbili. Usifungue fungue.

7. Chupa. Someni hapa polepole, maana dari la jiko langu bado lina madoa. Povu likiisha si dalili kwamba bia imeiva! Pima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki: ilianza karibu 1.050, ishuke hadi karibu 1.010, na ikae hapohapo siku tatu mfululizo. Ndipo utie sukari gramu 65 kwa bia yote, ya kuipa gesi chupani, iliyochemshwa kwa maji kidogo, iliyopimwa kwa MIZANI. Ukifunga mapema, hamira inaendelea kula sukari iliyobaki, gesi inakosa pa kutokea, chupa inapasuka na vioo vinaruka. Tumia chupa nzito za bia, za kahawia, kwa sababu mwanga unaiharibu hopsi na bia inanuka. Zipange ndani ya kreti, funika, mbali na watoto. Wiki mbili tena.

MASWALI

— Mkuu, hamira ya mkate si ndiyo hiyohiyo?
Umesoma kichwa cha somo? Jamii ni moja, ila ya mkate imechaguliwa kwa kuumua unga haraka. Haitulii chini vizuri na ladha yake ni ya mkate. Utalewa, lakini bia hutakuwa umeipata.

— Nimepika jana, leo nafunga chupa, Jumamosi kuna sherehe.
Hapana. Nunua kreti dukani.

— Nina haraka tu, kaka, usinijibu hivyo.
Hamira haina haraka na wewe. Rudi namba 7.

— Shikamoo mwalimu. Kwetu Marangu bibi anatia gome la msesewe kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndiyo hopsi yetu?
Marahaba, hili ndilo swali. Kwa uchungu, ndiyo: lile gome linakata utamu wa ndizi kama hopsi inavyokata utamu wa shayiri. Ila hopsi ina kazi ya pili, inazuia bakteria wengi wanaochachisha, ndiyo maana bia inakaa miezi na mbege inanywewa ndani ya siku chache. Usikisie kipimo cha msesewe kwenye bia, gome hilo lina kemikali zinazogusa presha. Kaa na bibi, mwangalie anavyopima, na anavyootesha ulezi. Kisha uje utufundishe.

— Ulezi unaweza kuchanganywa na shayiri?
Unaweza. Anza na robo ya nafaka yote. Usio kimea upike uji kwanza.

— Machicha mnatupa?
Kuku wangu wanayagombania. Ila yale ya hopsi yafukie, mbwa akiyala ni sumu kwake.